Hamjafika 250

Jikoni kwetu hapa Muscat kuna mpishi wa Kihindi, mtu wa Pauri Garhwal, huko milimani, jimbo la Uttarakhand. Juzi kanionyesha video kwenye simu, vidole vyake bado vina unga wa chapati. Wanaume wanne wamebeba kiti cha mbao kilichofungwa kwenye mianzi miwili, juu yake bibi kizee kajifunika shuka mpaka kidevuni. Wanashuka njia ya mbuzi, wa nyuma kavaa ndara. Sisi tungesema machela. Yule bibi ni shangazi yake, na gari linaishia kilomita nne chini.

Nikamwuliza, mbona barabara haipandi? Akacheka. "Bhai, hatujafika mia mbili na hamsini."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndivyo serikali inavyohesabu. India wana mpango wa barabara za vijijini, PMGSY, ulioanza Desemba 2000 enzi za waziri mkuu Vajpayee. Vigezo vyake vya kawaida: kitongoji cha tambarare kiwe na watu 500, cha milimani 250. Septemba 2024 wakaidhinisha awamu ya nne, vitongoji 25,000, kilomita 62,500 za barabara. Hongera zao, kwa kweli ni kazi kubwa. Lakini vichwa vinahesabiwa kwa sensa ya 2011! Ya 2021 iliahirishwa.

Sasa nifanyieni hesabu hii, maana mimi inanikera tangu juzi. Kijiji hakina barabara, vijana wanaondoka. Wanateremka kwa miguu, wanadandia jipu la abiria, Mahindra, mpaka Kotdwar ambako reli inakomea, wanapanda treni ya Delhi, na wengine hawaishii Delhi, wanakuja kukaanga vitunguu Muscat. Wakiondoka, idadi inashuka. Idadi ikishuka, anakuja bwana na kalamu yake: hamtoshi. Yaani mtu anaadhibiwa kwa ugonjwa uleule alioomba dawa yake. Na wala si kijiji kimoja. Kati ya 2001 na 2011 wilaya za Pauri na Almora zilipungua watu wakati Uttarakhand nzima ikiongezeka. Tume ya uhamaji ya jimbo hilo ikaripoti mwaka 2018 kwamba vijiji 734 vimebaki bila mtu hata mmoja tangu 2011. Milango imefungwa kwa kufuli, kufuli zimeota kutu.

Na msiniambie mtu mmoja hafikiki. Uchaguzi wa 2019, huko Banej ndani ya msitu wa Gir, msitu wa simba, walimfungulia kituo cha kupigia kura mzee mmoja aliyetunza hekalu. Mpiga kura mmoja! Maofisa, mashine, askari, wote kwa ajili yake. Nililisifu sana jambo lile, na bado nalisifu. Ila basi tuelezane: kura moja ina miguu ya kufuatwa porini, mgonjwa mmoja hana?

Haya, nakubali, milima ile si ya kuchezea. Ukilipua mwamba ovyo, mvua za Julai zinakuletea mlima mzima sebuleni. Mji wa Joshimath, hukohuko milimani, ulivyopasuka kuta Januari 2023 tuliona wote. Na yule mpishi mwenyewe anakiri kuna vijiji barabara imefika, na gari la kwanza kupita likawa la kuhamisha masanduku. Lakini mbona mabarabara mapana ya mahujaji yanapasuliwa milima hiyohiyo, na reli ya Rishikesh hadi Karnaprayag, kilomita 125, sehemu kubwa inapita ndani ya mahandaki? Huko mwamba umekuwa laini?

Jana nilimwuliza hali ya shangazi. Anaendelea vizuri. Mahindra lilimsubiri chini saa mbili nzima, na dereva kawatoza na pesa ya kusubiri. Mpishi ndiye aliyeituma, kutoka huku.