Nachingwea: reli iliyotangulia mzigo

Wengi wanaijua Nachingwea, mji wa kusini mwa Tanzania, kwa korosho, au kwa wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, waliofunzwa pale Farm 17. Kwamba mji huu uliwahi kuwa mwisho wa reli, wanaokumbuka wamebaki wazee. Treni zilianza mwaka 1949, zikasimamishwa 1962, na vyuma vikang'olewa. Kusini wapo wanaosema hadi leo kwamba walidhulumiwa. Kesi yao ina uzito, ila ya upande wa pili nayo si nyepesi.

Reli ile haikujengwa kwa ajili ya watu wa Nachingwea. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kusini. Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya meli kubwa, basi vyote viwili vikaanzishwa kwa mpigo. Njia ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi, kwa sababu bandari ya Mtwara ilikuwa bado. Januari 1951 mpango ukatupwa, na deni la pauni milioni 36 likafutwa. Bandari ya Mtwara ikaja kukamilika na kuunganishwa na reli wakati karanga zenyewe hazipo. Shela imeletwa, bwana harusi keshatoroka.

Kwa hiyo anayetetea uamuzi wa 1962 ana hoja. Korosho za wakati ule zilikuwa chache, tena ni zao la msimu: miezi michache makuli hawapumui, kisha stesheni inalala. Mshahara wa stesheni masta haulali. Nchi iliyopata uhuru Desemba 1961, yenye upungufu wa shule na zahanati, ingeendelea vipi kulipia mabehewa matupu?

Wanaolalamika nao wanakuonyesha kilichofuata. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka kusini, na magunia yale yalibebwa na malori kwenye barabara za vumbi ambazo masika yanazigeuza tope. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa 2003 tu. Kabla ya hapo, safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya kuaga nyumbani kabisa, kwani hujui kivuko kitakulaza ng'ambo ipi. Ukweli mmoja lakini huwa wanauruka: katikati ya miaka ya 1980 korosho ziliporomoka hadi chini ya tani 20,000. Reli ingeokolewa 1962, huenda ingekufa 1985.

Mimi naona kosa halikuwa kusimamisha treni. Kosa lilikuwa kung'oa. Treni iliyosimama hairudi kirahisi, ila inaweza kurudi. Reli ya Moshi ilikaa miaka mingi bila abiria, na mwishoni mwa 2019 watu wakapanda tena behewa kutoka Dar es Salaam. Nachingwea haikuachiwa hata cha kukarabati. Utaniambia vyuma vingeibwa au kuliwa na kutu. Inawezekana. Tuta na njia iliyokwisha kupimwa haviibwi.

Sasa inazungumzwa reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, takriban kilomita 1,000, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma penye makaa ya mawe na Liganga penye chuma. Wapo wanaoishangilia kama fidia ya ile ya zamani. Mimi naiuliza swali lile lile la 1951: mzigo uko wapi? Safari hii jibu lipo angalau nusu. Chuma cha Liganga bado kiko ardhini, lakini makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, tayari yanashuka bandarini Mtwara kwa semi-trela, mwaka mzima bila kungoja msimu. Simama kando ya barabara pale Masasi asubuhi moja uyahesabu yanayopita, turubai zimefungwa kamba, lami chini yake imeshaanza kubonyea.