Jaribio la Kunakili Hifadhidata Liaminiwe Kiasi Gani?

Tuseme hoteli ya Malindi inatunza rekodi za wageni kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na nakala yake iko Mombasa. Kabla ya kuunganisha seva hizo mbili, fundi anaendesha zana ya kunakili katika hali ya majaribio: inapitia hatua, inataja ingefanya nini, haiandiki kitu. Je, matokeo yake yaaminiwe?

Wanaosema ndiyo wana msingi. Programu ya pg_createsubscriber, iliyokuja na PostgreSQL 17 mwaka 2024, ina hali yake ya majaribio, --dry-run, nayo hugundua mapema kama wal_level (mpangilio wa kiasi cha maelezo ambacho seva huandika kuhusu mabadiliko) haijawekwa logical, au kama sloti (alama za seva kuu zinazokumbuka nakala imefikia wapi) hazitoshi. Afadhali kulijua hilo mchana kuliko usiku wa manane, hoteli imejaa wageni wa Desemba.

Tatizo liko kwenye ruhusa. Chukua zana inayonakili majedwali yenyewe, moja moja. Fundi anaijaribu kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ambayo haikaguliwi ruhusa karibu popote, na kila kitu kinapita. Kazi halisi inaendeshwa na akaunti nyingine, yenye haki ya REPLICATION (kunakili) lakini haina SELECT (ruhusa ya kusoma) kwenye jedwali moja. Jedwali la wageni limefika, la vyumba limefika, la malipo tupu. Usipofungua logi, yaani rekodi za matukio ya seva, hutajua, maana data nyingine inaendelea kuingia. Hapo jaribio limemdanganya fundi, na mimi namlaumu aliyebuni zana.

Wapo wanaojibu kwamba kulazimisha jaribio litumie akaunti ya kazi ni kumpa nguvu za kuharibu mtu aliyetaka kutazama tu. Hoja hiyo ni nzito, lakini ina jibu: has_table_privilege, kitendaji cha PostgreSQL, humwezesha mkaguzi kuuliza ruhusa za akaunti nyingine bila yeye kuwa nazo. Zana iulize hivyo, jedwali kwa jedwali, kisha iulize tena kazi inapoanza, kwa sababu ruhusa inaweza kuondolewa katikati.

Lipo pia ambalo jaribio haliwezi kuliona. Mawasiliano na Mombasa yakikatika kwa muda mrefu, sloti huizuia seva kuu kufuta faili za WAL, yaani kumbukumbu za mabadiliko, na max_slot_wal_keep_size, mpangilio wa kikomo cha faili hizo, usipoguswa ni -1, yaani hakuna kikomo. Diski inajaa, mapokezi yanasimama, na chanzo ni nakala iliyowekwa kwa usalama. Zana iliseme hili waziwazi mwishoni mwa jaribio. Mimi ningetaka hata ikatae kuanza mpaka fundi aweke kikomo, ingawa kikomo kikivukwa nakala italazimika kujengwa upya.