Shangingi la Shemeji

Mimi gari la kifahari sina. Lakini gharama zake nazilipa, tena kwa wakati kuliko hata mwenye kadi.

Mwenye kadi ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, Mama Junior. Gari ni la Ulaya, shangingi la viti vya ngozi, paa la kioo na milango inayojivuta yenyewe ikibaki kidogo kufunga. Jina la kampuni silitaji. Kesi nilizonazo na Mama Junior zinanitosha, sitaki nyingine na mawakili wa Ulaya. Limepaki uani kwangu, pale ilipokuwa kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu alikopanga shemeji wanatumia geti moja, na asubuhi likigoma kuwaka wapangaji wote hawatoki. Walimvumilia, wakachoka, wakaitisha kikao. Mimi sikuitishiwa kikao. Nilirudi kazini nikalikuta.

Tangu siku hiyo mtaa mzima umeamua ni langu. Mjumbe alipopita na daftari la ulinzi shirikishi aliandika mchango wangu bila kuniuliza, na haukuwa ule wa mwezi uliopita. Fundi bomba niliyemzoea miaka yote alichungulia uani, akameza mate, akataja bei ya kubadilisha koki ambayo mtu unanunulia pampu. Kadi za michango ya harusi zimeacha kuja za singo, zinakuja za dabo, na juu wameandika "Mheshimiwa". Mwenye nyumba naye kapita juzi, kalizunguka mikono nyuma, kaniuliza kwa upole hivi kodi nalipaga shilingi ngapi vile.

Nikieleza kwamba ni la shemeji wanacheka. Wanasema wenye hela wote ndivyo wanavyojificha.

Siku analinunua alinipigia simu anahema: "Shem, bei ya kutupa!" Na kweli ilikuwa ya kutupa. Huko Ulaya magari haya yakiwa mapya bei yake ni nyumba na kiwanja, lakini yakishavuka miaka kumi Mzungu anataka liondoke tu mlangoni kwake. Shemeji aliona bei ile akaacha kusoma. Angesoma mbele kidogo angekutana na kodi.

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Gari la milioni 20 limefika bandarini, nauli ya meli na bima ya njiani ndani yake. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo milioni 5, tuko 25. Juu ya hiyo 25 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini imezidi cc 2000. Juu ya 25 hiyo hiyo kuna asilimia 30 ya uchakavu kwa sababu gari limevuka miaka 10. Sasa tuko 35, na hiyo 35 yote inapigwa VAT asilimia 18. Jumlisha kodi hizo nne peke yake: milioni 21 na laki tatu, na bado hujafunga namba wala hujamlipa wakala aliyelitoa. Na hiyo milioni 20 ya kuanzia si lazima iwe ya risiti yako. TRA, wale wakusanya kodi, wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika. Unaweza ukaleta risiti yenye machozi, wao wakasoma ya kwenye kompyuta.

Mimi ile asilimia 30 ya uchakavu ndiyo huwa naifikiria nikikosa usingizi. Serikali inakwambia kwa maandishi kabisa kwamba gari lako limechoka, inakupa na kiasi gani limechoka, na wewe unapokea karatasi, unashukuru, unapanga foleni benki kulipia.

Kitu ambacho shemeji hakimwingii mpaka leo ni kimoja tu: bei ya gari imezeeka, bei ya spea haijazeeka. Gari limeshuka mpaka kwenye saizi ya mfuko wake, sawa, lakini spea haina habari kwamba gari limeshuka. Yenyewe bado inauzwa kwa yule Mzungu wa kwanza aliyelitoa dukani.

Chukua habari ya springi. Hili gari springi halina. Limekalia mifuko minne ya mpira iliyojaa upepo, na chini huko kuna kompresa ndogo ya kuijaza. Ndiyo maana ukiwa ndani hata tuta hulisikii, hapo sibishi. Lakini mpira ukizeeka unapasuka vinyufa, upepo unavuja usiku kucha, asubuhi unalikuta limepiga magoti kama ngamia anayesubiri mzigo. Na ile kompresa haikutengenezwa kushinda inafanya kazi. Ilitakiwa ijaze kidogo, ipumzike. Sasa inashinda inajaza pakacha, mwisho inaungua. Kwa hiyo unatoka nyumbani kwenda kununua mfuko mmoja, unarudi unadaiwa mifuko minne na kompresa.

Kuna fundi alimwambia ukweli: "Bosi, tung'oe huu upepo wote, tukufungie springi za kawaida, utembee." Watu wengi wameshafanya hivyo na magari yao yanadunda barabarani. Shemeji akakataa, eti gari litapoteza hadhi. Hadhi yenyewe ninavyoongea hivi imelala chini uani, paka wa jirani anashindwa kupita uvunguni.

Kutafuta spea nako ni safari. Nenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, uulizie kitu cha IST, ile Toyota ndogo. Hujamaliza kutamka, kijana mmoja kaleta mpya, wa pili kaleta iliyotumika ya Japani, wa tatu kaleta ya Kichina anaapa kwa mama yake kwamba ni ya Japani, na wa nne ameshaingia chini ya gari kufunga. Ulizia ya hili shangingi. Kunakuwa kimya. Mzee wa ndani kabisa dukani anavua miwani, anampigia mtu, huyo anampigia mtu wa Dubai, na wa Dubai anataka namba ya chesisi, picha, na nusu ya hela.

Fundi wake pia si wa spana. Huyu anakuja na laptop. Anachomeka waya chini ya usukani, anakunja uso, anahesabu makosa yaliyosomeka, anayafuta yote, anasema, "Tembea nalo kwanza tuone yatakayorudi." Yanarudi yote na ndugu zao. Na hapo umeshalipa ya kupima. Ya kutengeneza hamjaigusa.

Halafu ni la dizeli, na kwenye ekzosi kuna chujio la kukamata masizi. Chujio hilo likijaa linajisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi, lakini linataka moto mkali, na moto huo linaupata likipewa barabara ndefu likimbie bila kusimama. Kwa wenzetu huko mtu anaingia barabara kuu, anakanyaga nusu saa, limejisafisha. Sasa wewe lipitishe Ubungo saa kumi na moja jioni. Nusu saa umesogea kutoka kwa muuza karanga mpaka kwa muuza maji. Masizi yanajaa, taa inawaka, gari linakata nguvu, linatembea mwendo wa kuugua, bajaji zinakupita zinakupigia honi. Kwa hiyo sisemi gari ni baya. Lina adabu zake na limelelewa kwingine. Likikutana na foleni ya kwetu na fundi wa chini ya mwembe, linazira.

Mafuta sitaki kuyaongelea sana maana naona aibu kwa niaba yake. Niseme tu Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wanapotoa bei mpya, shemeji huwa haangalii taarifa ya habari. Na ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ambayo watu walishangilia ilipofutwa mwaka 2017, haikufa. Ilihamia kwenye lita. Anayekunywa sana ndiye anayechangia sana, na hili linakunywa hata likiwa limesimama. Oili nayo, IST yangu inashiba kwa lita tatu na pointi saba. Hili linataka karibu mara mbili yake, tena ile yenye kibali cha mwenye kiwanda, siyo kidumu chochote cha pale kona.

Bima je? Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, weka na VAT. Gari la milioni 45 hapo ni milioni moja na laki nane na zaidi kila mwaka. Shemeji alipiga hesabu, akajikuna, akakata ile ndogo ya laki moja na elfu kumi na nane. Ndiyo hiyo hiyo ninayokatia IST. Likigongwa na mwenye bima atalipwa. Akigonga yeye, wa upande wa pili atalipwa, yeye tutamchangia. Na mnajua tutakaoanza kuchangishwa ni wa uani gani.

Krismasi iliyopita aliamua tukalionyeshe Moshi. Mama Junior na watoto walipanda kwa kaka yao kwenye kiyoyozi, mimi nikafuata nyuma na IST, mchele, sukari na magodoro. Nikiri kwamba mpaka Korogwe nilikuwa naona wivu. Watoto wamelala, kioo cheusi, gari limetulia barabarani utadhani halina injini. Karibu na Mombo likapiga kelele mara moja, likaandika kitu kwenye skrini, likazima. Umeme wote ukakata. Sasa breki yake ya mkono ni ya umeme, gia yake ya umeme, na mlango wa nyuma nao umeme. Yaani limejifunga. Wanakijiji walikuja kwa moyo mmoja kusukuma, wakasukuma mpaka ndala zikakatika, halisogei. Tani mbili na nusu zimeshika breki.

Akaitwa fundi wa pale. Akafungua boneti, akakuta mfuniko wa plastiki, akafunua ule akakuta mwingine. Akafunga boneti taratibu kwa mikono miwili, akatupa pole. Hela hakuchukua. Katika mafundi wote waliowahi kulishika gari hilo ni huyo peke yake ninayemheshimu.

Tuliingia Moshi usiku, sote ndani ya IST, watoto juu ya magodoro, shemeji mbele amepakata sukari. Shangingi lilirudi Dar mgongoni mwa lori.

Kuna kitu kimoja kwenye gari hilo hakijawahi kuharibika: swichi ya kupasha moto viti. Dar es Salaam, mwezi wa kwanza. Inafanya kazi vizuri sana, na wakati mwingine inajiwasha yenyewe.

Sasa basi, shemeji anataka kuniuzia. Alikuja na soda na uso wa huruma. "Shem, milioni 18, bei ya undugu." Mama Junior akanitazama kwa jicho lile la wenzake wa kikoba watasemaje. Nikaomba muda nikapige hesabu, na nimezipiga kweli, sijamdharau mtu. Ukitaka gari kubwa lisilokusumbua, kuna Land Cruiser V8, lile la wakubwa serikalini. Lakini hilo halishuki bei. Miaka inapita na mwenyewe anakutajia pesa ya kujengea. Toyota unalipia mlangoni ukiingia. La Ulaya unaingia karibu bure, kiingilio unalipa kila mwezi ukiwa ndani. Hiyo milioni 18 ni ya kukabidhiwa funguo. Nikiongeza mifuko minne, kompresa, chujio, betri na yule kijana wa laptop, nimefika kwenye bei ya gari jingine zima, na bado lile la kwanza limelala.

Nikamwambia sina. Akashuka hadi 16. Wiki iliyofuata 14 na tairi ya akiba. Nikaona nisiwe na haraka, kwa mwendo huo ikifika Pasaka atanilipa mimi.

Jumamosi akapata mteja, katoka Morogoro na hela taslimu. Tulihangaika tangu alfajiri: betri ya kuazima, upepo wa kuazima, gari likainuka, likang'aa, hata mimi nikatamani. Mteja akalizunguka, akapiga tairi teke, akainama uvunguni, akakaa kwenye usukani akatoka akijifuta jasho la makalio. Akasimama kidogo. Kisha akanyoosha kidole upande wa pili wa ua.

"Na hiyo IST mnaiuzaje?"

Shemeji akawahi kabla sijafungua mdomo: "Milioni 9, maongezi yapo."