Orodha Yenu ya Filamu Haimjui Shangazi Yangu

Wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja, mwenzetu mmoja alituwekea orodha ya filamu anazozipenda, moja kwa kila muongo tangu mwaka 1900, na chini yake akaandika kwamba asiyezijua hizo asijiite mpenzi wa sinema. Nilizihesabu zikawa 13. Filamu 12 zilikuwa za Kimarekani na moja ya Kijapani, ambayo naamini iliwekwa kama kipande cha limau kando ya sahani ya pilau. Wenzangu walimpongeza. Mimi nilikasirika, na kwa kuwa maneno ya hasira hayafai kuandikwa usiku ule ule, nimengoja siku sita.

Sina ugomvi na Wamarekani, ambao wametengeneza filamu nzuri nyingi kuliko nitakazojaliwa kuziona kabla sijafa. Ugomvi wangu uko kwenye neno “ninazozipenda”. Orodha ile nimeshaiona mara nyingi katika magazeti ya wenyewe, na najua inavyopikwa: mtu huchukua filamu ambazo wataalamu wameshakubaliana kuwa ni bora, huondoa mbili ambazo hajaziona, huongeza moja ya ujana wake, kisha huziita vipenzi vyake. Nilipomwuliza mwenzetu imekuwaje muongo wa 1910 akaupa The Birth of a Nation ya mwaka 1915, filamu inayowatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wamarekani weupe wabaguzi, kama wakombozi na iliyosaidia kulifufua kundi hilo mwaka huo huo, alinijibu kwamba ameiweka “kwa umuhimu wake katika historia”. Kumbe! Ukoloni nao una umuhimu katika historia, lakini sijawahi kumsikia mtu akiutaja miongoni mwa mambo anayoyapenda.

Muongo huo mimi naupa The Immigrant ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1917, ambamo fukara mmoja anaokota sarafu nje ya mkahawa, anaitia mfukoni, nayo inapita kwenye tundu la mfuko na kubaki pale pale chini, wakati yeye anaingia ndani kuagiza chakula kwa mbwembwe za mwenye nazo. Nani kati yetu hajawahi kuagiza chai kwa pesa iliyokwisha kupita kwenye tundu? Muongo uliotangulia sina la kuchagua zaidi ya safari ya mwezini ya Georges Méliès ya mwaka 1902, ile ambayo chombo kinauchoma mwezi jichoni, na sidhani kama kuna mtu atakayenibishia.

Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni kalenda yenyewe. Wapangaji wa orodha hizi huipa kila filamu muongo wake kwa kuangalia mwaka iliotoka kwao, kana kwamba siku hiyo dunia nzima ilikuwa imekaa ukumbini ikingoja taa zizimwe. Kwetu filamu haikufika mwaka wake. Ilifika kwa meli, ikazunguka miji ya pwani, na ikitokea kwamba rili, yaani magurudumu ya mkanda wa filamu, ni za seti moja na sinema ni mbili, kijana wa baiskeli aliikimbiza rili ya kwanza hadi sinema ya pili kabla watu hawajaanza kupiga mbinja. Filamu iliyopendwa ilirudi, ikarudi tena, hata ikawa haina umri. Na wenye kalenda wenyewe si salama: Metropolis, niliyoichagua kwa muongo wa 1920 kwa sababu ya ile mashine inayogeuka kuwa kinywa na kumeza wafanyakazi, ilionyeshwa Berlin mwaka 1927, ikakatwakatwa, na vipande vyake vingi vikapotea mpaka nakala iliyokaribia kukamilika ilipopatikana Buenos Aires mwaka 2008. Kwa miaka 80 Wajerumani walikuwa wakiipenda filamu ambayo hawakuwa wameiona yote. Basi hiyo ni ya muongo gani?

Muongo wa 1930 nimeupa City Lights, nayo ya Chaplin, kwa ajili ya yule tajiri anayemkumbatia rafiki yake fukara kila akilewa na kumkana kila pombe ikimtoka. Matajiri wa namna hiyo nimefanya kazi chini yao. Kwa udadisi tu, siyo kwa mapenzi, nitaitaja Sanders of the River ya mwaka 1935, wimbo wa kuusifu utawala wa Mwingereza Afrika, ambamo Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi London, anaonekana kama mmoja wa machifu. Maisha yana vitimbi.

Muongo wa 1940 ni wa Wezi wa Baiskeli ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, na hapa nakubaliana na wataalamu wote bila kusukumwa. Watu hukumbuka baba na mtoto wakiisaka baiskeli mitaa yote ya Roma. Mimi nakumbuka shuka. Mke anazivua shuka kitandani ili zikawekwe rehani na baiskeli ya mumewe ikombolewe, na baada ya kupokea furushi, mfanyakazi wa duka la rehani anapanda nalo juu ya rafu zilizojaa mafurushi ya shuka za watu wengine, anapanda na kupanda, na kamera haimwachi hadi tumeona jinsi marundo yale yanavyokaribia dari. Hakuna anayehutubia. Ukishaona rafu zile umeshaujua mji mzima.

Sasa nifike kwenye muongo wa 1950, ambao ndio ulionikosesha usingizi. Mwenzetu ameweka Samurai Saba ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, hiyo limau yake. Ni filamu kubwa, nakiri; vita vyake vya mwisho katika mvua na matope vimeigwa na kila mtu na havijafikiwa na yeyote. Lakini mimi nina matope mengine.

Shangazi yangu, aliyekulia Unguja kabla ya kuolewa Tanga, aliiona Mother India, filamu ya Kihindi ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, katika ujana wake, kwenye onyesho la alasiri la wanawake peke yao, ambalo mama wa heshima aliweza kwenda akiwa na buibui lake na mabinti zake bila mtu kumnyooshea kidole. Aliiona tena, na tena, hata akawa hahesabu. Kihindi hakujua, wala hakujua kusoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Mimi nilisimuliwa filamu hiyo miaka minane kabla ya kuiona. Alitusimulia barazani, Ngamiani kule Tanga, akichambua mchele kwenye ungo, na mikono yake haikusimama mume alipopondwa mikono na jiwe akaihama nyumba usiku kwa aibu, wala mafuriko yalipokuja, wala Radha, mke aliyeachwa, alipojifunga jembe mwenyewe mahali pa ng'ombe. Mchele uliendelea kurushwa na pumba kupepea. Mikono yake ilisimama mahali pamoja tu, pale Birju, mtoto mpotovu na kipenzi, anapokufa kwa risasi ya mama yake huku akimrudishia bangili alizozinyakua kutoka kwa mkopeshaji, zikiwa na damu. Hapo shangazi aliweka ungo chini, akashika bangili zake mwenyewe, akazizungusha mara moja, kisha akaendelea na mchele.

Nilipokuja kuiona filamu hiyo mwaka 1989, kwenye mkanda wa video uliojaa chenga, nilitafuta kosa katika masimulizi yake na sikulipata. Alikuwa ameelewa hata lile deni: kwamba mkopo ulikuwa wa rupia 500 za harusi, na kwamba riba yake ilimeza robo tatu ya mavuno ya kila mwaka. Aliyajuaje hayo bila lugha? Kwa sababu Mehboob Khan alimwonyesha mafungu ya nafaka yakigawanywa, na mwanamke wa pwani hahitaji kamusi ili amtambue mkopeshaji. Na ninyi mnaniambia nimpe Kurosawa muongo huu kwa kuwa anapanga kamera vizuri! Mpangaji hodari wa kamera namvulia kofia. Filamu iliyowaingia watu bila kubisha hodi, bila tafsiri, ikakaa nao jikoni na barazani kwa miaka 30, hiyo siwezi kuitaja chini ya neno jingine isipokuwa kupenda, na kama orodha yenu haina nafasi yake, basi orodha yenu haina nafasi ya shangazi yangu, wala ya wale wote waliolipa kiingilio katika miji yetu kwa nusu karne.

Nimepandwa na jazba. Niendelee.

Kwa muongo wa 1960 nilitegemea kusumbuka, kwa maana Hatari! ya mwaka 1962 ilipigwa huku kwetu, Arusha na kandokando yake, John Wayne akikimbiza vifaru kwa gari, na nakubali kwa shingo upande kwamba nikiziona nyanda zile moyo unachangamka. Lakini hebu watafute wenyeji ndani yake. Wapo pembeni, wakifanya kazi. Miaka minne baadaye Ousmane Sembène wa Senegali alimchukua mtu wa pembeni, mfanyakazi wa ndani, akamweka katikati. Katika La Noire de... Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes akidhani anaenda kulea watoto, anajikuta anapika, anafua na kupangusa sakafu ndani ya viatu vyake vizuri, na maneno anayomjibu bibi mwenye nyumba ni machache mno. Mengine yote tunayasikia kichwani mwake. Ina dosari: sauti hiyo ya ndani ni ya Kifaransa, na ilirekodiwa na mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe, ilhali binti wa Dakar angewaza kwa Kiwolofu, na nadhani Sembène aliliona hilo, maana mwaka 1968 alitengeneza Mandabi kwa Kiwolofu. Hata hivyo, bwana mwenye nyumba anaporudi Dakar na mshahara wa Diouana aliyekufa, mama mtu akaukataa, na mtoto akamfuata nyuma mtaa kwa mtaa akiwa amevaa kinyago, sijapata kuona malipo yaliyokataliwa vizuri kama yale.

Muongo wa 1970 ni Sholay, ya Kihindi. Sijitetei. Asiyeijua ile sarafu yenye sura moja pande zote mbili akamwulize baba yake.

Mwaka 1985 Out of Africa, iliyopigwa Kenya, ilitoka na kwenda kuchukua Oscar 7. Mwaka huo huo ilitoka ile niliyoichagua kwa muongo wa 1980, Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, yenye dakika 36 tu, kuhusu mke anayeugua na kuwaogopa waganga wa jadi hata mumewe apate kazi ya kumshawishi. Ni fupi, na mahali pengine inajikongoja. Lakini ndani yake watu wanaugua kwa Kiswahili, wanabembelezana kwa Kiswahili, na hakuna anayemngoja mgeni aje awaeleze mandhari yao. Muongo wa 1990 nimeupa Neria ya Zimbabwe, kwa sababu ya shemeji yule anayebeba mali ya marehemu ndugu yake na kwa sababu ya mwimbaji Oliver Mtukudzi. Titanic niliiona kwenye mkanda uliorekodiwa kwa wizi ukumbini, na kila meli ilipotaka kuzama, mtu mmoja wa safu ya mbele aliinuka kwenda msalani.

Muongo wa 2000 ni Bamako ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2006, inayozifungulia kesi Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa katika ua wa nyumba ya kawaida, huku majirani wakipaka vitambaa rangi. Mawakili wanazungumza sana, mno kwa kweli. Kisha anasimama mkulima mzee, anaimba malalamiko yake kwa lugha yake, na Sissako haweki tafsiri hata ya neno moja. Nilimkumbuka shangazi na ungo wake.

Kwa muongo wa 2010 nimechagua Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Mtoto Jo ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na kijiji kizima kinajitungia filamu ili awe shujaa. Nyie mliokulia kwenye mabanda ya video mtamtambua mara moja yule mwenye banda anayesimama na kipaza sauti akiwatafsiria watoto maneno ya Wachina, akiongeza na yake. Hivyo ndivyo sisi tulivyojifunza sinema, na wataalamu wanaotaka filamu isikilizwe kwa ukimya wana haki yao, lakini hawakupata raha ile.

Muongo huu wa 2020 haujaisha, lakini tayari una Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka katika riwaya ya Shafi Adam Shafi. Niliitazama sebuleni na shangazi, ambaye sasa macho yake ni mazito na hukaa karibu kabisa na runinga. Aliitambua Unguja ya ujana wake, akabishia kanga mbili tatu, akanyamaza. Yasmin, binti mwenye asili ya Kihindi, alipofungua kinywa na kusema Kiswahili chake cha Unguja kilichonyooka, shangazi alinigeukia akiwa amekunja uso, kama mtu aliyegundua kwamba ametapeliwa kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “kumbe siku zote hizo walikuwa wanajua Kiswahili?”