Obama wa Springfield na kitufe cha manjano

Katika mdahalo wa Januari 2008 kule Myrtle Beach, South Carolina, Hillary Clinton na John Edwards, washindani wake wa kuwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, walimbana Barack Obama kwa hesabu moja: alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois, alipiga kura ya "nipo" mara karibu 130. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Shutuma ilinoga kwa sababu haikuhitaji maelezo. Anayetaka urais amewahi kulipwa mshahara wa kuamua, naye akakwepa kuamua. Kampeni ile imeisha zamani, hesabu hiyo ingali inazunguka. Hata huku kwetu, ambako kila mtu ana neno kuhusu Kogelo na hotuba ya Boston, miaka yake ya Springfield, makao makuu ya Illinois, ikitajwa, hilo ndilo jibu utakalopewa, kama utapewa jibu lolote.

Nadhani hesabu hiyo imesomwa vibaya, na ili kuisoma vizuri ni lazima mtu aingie ukumbini kidogo.

Seneta wa Illinois akipiga kura ana vitufe vitatu: cha kijani, chekundu na cha manjano. Katiba ya jimbo hilo, ya mwaka 1970, inataka mswada uungwe mkono na zaidi ya nusu ya wajumbe wote waliochaguliwa, si zaidi ya nusu ya waliopiga kura siku hiyo. Seneti ina wajumbe 59, kwa hiyo zinatakiwa ndiyo 30. Mswada ukipata ndiyo 29, hapana sifuri na nipo 30, umekufa. Kitufe cha manjano kinaua sawasawa na chekundu. Mkenya hahitaji kufundishwa jambo hili. Mswada wa thuluthi mbili ya jinsia haukuangushwa na waliosimama kuupinga. Ulihitaji wabunge 233 kati ya 349, na Februari 2019 waliokuwemo ukumbini walikuwa 174. Wengine walikuwa wapi? Popote walipokuwa, waliupinga. Tofauti ni kwamba seneta wa Illinois anayebonyeza manjano yuko kitini, jina lake limeandikwa, na kesho gazeti linaweza kumuuliza kwa nini.

Basi kama inaua sawasawa, kwa nini mtu asibonyeze chekundu akamaliza? Hapa ndipo wanaomshutumu wana hoja, na nitairudia. Ila kwanza tutazame kundi moja la kura hizo, zile za miswada ya utoaji mimba mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Chama cha Republican ndicho kilichoshikilia Seneti wakati huo, nacho kilileta miswada ambayo faida yake kubwa ilikuwa matangazo ya kampeni: seneta wa Democratic kutoka eneo lenye ushindani akisema hapana, mwaka wa uchaguzi atabandikwa picha mbaya kila mlango. Shirika la Planned Parenthood la Illinois likawaomba maseneta waliokuwa upande wake wapige nipo kwa pamoja. Walio salama wangewasitiri walio hatarini. Obama, ambaye kwake mpinzani wa maana hakuwepo, alikubali. Shirika lenyewe lilisema wazi baadaye kwamba mpango ulikuwa wake. Kura hizo ndizo Clinton alizozigeuza kuwa ushahidi wa woga, na kati ya zote ndizo alizostahili kuziacha. Mtu aliyetoa ngao kwa wenzake akaambiwa alijificha nyuma yake.

Halafu kuna ukubwa wa hesabu yenyewe. Katika karibu miaka minane Obama alipiga kura zipatazo 4,000. Mia na thelathini katika elfu nne ni tatu na kitu katika kila mia. Ukisikia "mara 130" unamwona mtu aliyelala na kidole juu ya kitufe. Ukisikia "tatu katika mia" unamwona mbunge wa kawaida. Namba zote mbili ni za kweli, na waliochagua ile ya kwanza walijua wanachochagua. Tena bunge lile lilikuwa na mazoea ya kura hiyo. Maseneta wa vyama vyote viwili waliitumia kusema "nia ya mswada naikubali, jinsi ulivyoandikwa siikubali", hasa walipoona kwamba mahakama itaufuta. Obama alikuwa akifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago. Mtu wa namna hiyo ukimpa mswada ulioandikwa kwa pupa, atausoma kama mtihani wa mwanafunzi.

Sasa hoja ya upande wa pili. Gazeti la New York Times lilipozichambua kura hizo Desemba 2007, lilikuta kwamba angalau mara 36 Obama alikuwa peke yake katika kupiga nipo, au pamoja na wachache wasiozidi sita. Mpango wa chama hauna watu sita. Mwaka 1999 ulikuja mswada wa kuwapeleka mahakama za watu wazima vijana wanaofyatua bunduki ndani ya shule au karibu nayo. Obama alionyesha ukumbini kwamba una mashaka, kisha akapiga nipo, na mswada ukapita kwa wingi mkubwa. Ukiupinga, wapinzani watasema unawatetea wenye bunduki. Ukiuunga mkono, wapiga kura weusi wa South Side, upande wa kusini wa Chicago, watakuuliza kwa nini unawaongezea watoto wao vifungo. Manjano inakuacha na milango miwili wazi. Na palipo na mswada unaopita kwa wingi, ile hesabu ya 30 niliyoieleza haina kazi: hakuna kinachouawa, kinachobaki ni wewe kuonekana ulisimama wapi. Hili siwezi kulipuuza.

Ila lazima tujiulize alimwogopa nani. Hapo inabidi tufuate historia ya uchaguzi wake.

Kiti cha wilaya ya 13 kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer alikuwa katika mbio za kukitwaa kiti cha Washington cha mbunge Mel Reynolds, aliyetiwa hatiani na kujiuzulu mwaka huohuo, na akamsimamisha Obama hadharani kuwa mrithi wake Springfield. Novemba akashindwa vibaya na Jesse Jackson Jr., akawa wa tatu. Wafuasi wake wakamtaka arudi kwenye kiti chake cha zamani. Obama alikataa kupisha. Palmer akawasilisha fomu siku ya mwisho, Desemba 1995, akiwa na saini 1,580 hivi. Zilizotakiwa ni 757. Watu wa kujitolea wa Obama walikwenda kwenye ofisi za Bodi ya Uchaguzi ya Chicago wakazipitia moja moja wakizilinganisha na daftari: huyu anakaa nje ya wilaya, huyu hajajiandikisha, huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia saini. Palmer alipoona hesabu inamkimbia, akajitoa. Washindani wengine watatu walienguliwa kwa njia ileile. Mmoja wao alipungukiwa na saini 69. Machi 1996 Obama akapita mchujo bila kupingwa.

Msomaji wa Tanzania aliyeona wagombea wa upinzani wakienguliwa kwa kasoro za fomu mwaka 2020 atakunja uso hapa, na ana haki. Wakili wa haki za wapiga kura, aliyeongoza mwaka 1992 kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura wapya Illinois, anaingia bungeni kwa kuhakikisha karatasi ya kura ina jina moja. Tofauti ni kwamba aliyepinga saini hakuwa msimamizi wa uchaguzi aliyeteuliwa na serikali. Alikuwa mshindani, mbele ya bodi, akitumia daftari ambalo Palmer naye alikuwa na uwezo wa kulifungua kabla ya kurudisha fomu. Chicago mchezo huo unaujua kila mwanasiasa wa kata. Sidhani ilikuwa dhambi, wala sidhani ilikuwa sifa. Mwaka 2008 Palmer alimuunga mkono Clinton, na hakuna aliyeshangaa.

Novemba 1996 alipata asilimia 82. Mwaka 1998 alipata 89. Mwaka 2002 hakupingwa na mtu, si katika mchujo wala katika uchaguzi wenyewe. Mtu mwenye asilimia 89 nyumbani haogopi wapiga kura wake. Kwa hiyo wanaosema alibonyeza manjano kulinda kiti wamekosea kiti. Kama kulikuwa na hofu, ilikuwa ya kiti ambacho bado hakuwa nacho: jimbo zima, pengine zaidi, ambako tangazo la sekunde thelathini lingeonwa na watu wasiomjua. Shutuma ya kweli, kama ipo, ni ya tamaa, na ni mtu gani aliyeondoka Springfield kwenda juu bila tamaa?

Tena kura iliyomuumiza kuliko zote hakuipiga kabisa. Desemba 1999 gavana George Ryan, wa Republican, aliwaita wabunge kwa dharura kuirudisha sheria ya silaha iliyokuwa imefutwa na Mahakama ya Juu ya jimbo. Obama alikuwa Hawaii na familia, binti yake Malia akaugua, hakurudi. Mswada ukakwama kwa kura chache. Moja yake isingeuvusha, lakini nani alijali? Alikuwa katikati ya kampeni ya kumng'oa Bobby Rush kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani, na miezi miwili tu kabla yake mtoto wa Rush alikuwa ameuawa kwa risasi. Magazeti yakamchana. Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Katika uchaguzi mgumu wa kweli wa maisha yake ya jimbo, yale manjano hayakuwa hoja. Kilichomwandama ni kwamba siku moja hakuwepo. Wapiga kura wa South Side walijua kutofautisha kilichoshindwa kutofautishwa Myrtle Beach.

Baadaye bahati ikageuka, na nasema bahati kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tume ya kuchora mipaka ya wilaya za uchaguzi ilifungana, na kwa sheria ya Illinois mjumbe wa kuvunja sare hupatikana kwa kura ya bahati. Septemba 2001 Jesse White, waziri wa jimbo, alitia mkono ndani ya kofia ndefu iliyoigwa ile ya Abraham Lincoln, akatoa jina la mjumbe wa Democratic. Ramani mpya ikaisukuma wilaya ya 13 kaskazini kando ya ziwa, kutoka Hyde Park hadi Gold Coast kwa matajiri. Uchaguzi wa 2002 ukawapa Democratic Seneti, na Emil Jones, mlezi wa Obama kisiasa, akawa rais wake.

Ndipo yakaja ya 2003. Tangu adhabu ya kifo irudishwe mwaka 1977 hadi mwanzoni mwa 2000, Illinois ilikuwa imewaua watu 12 na kuwaachia 13 waliohukumiwa kifo bila hatia. Baadhi ya kesi za Chicago zilitokana na maungamo yaliyopatikana kwa mateso kituoni kwa kamanda Jon Burge. Obama alibeba mswada wa kulazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi hawakuutaka, waendesha mashtaka hawakuutaka, gavana mpya Rod Blagojevich naye mwanzoni aliukataa. Obama akakaa na kila upande, kifungu kwa kifungu. Ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka jambo hilo katika sheria kupitia bunge. Ya pili ni sheria iliyowataka polisi kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha.

Wapo walionung'unika, Seneta Rickey Hendon akiwa mbele, kwamba Jones alikuwa akichukua miswada waliyoihangaikia wengine kwa miaka na kumkabidhi kipenzi chake ili apate cha kuonyesha. Ni kweli Jones alimpendelea. Lakini mswada wa kurekodi mahojiano haukupita kwa kukabidhiwa; ulipita kwa sababu mtu alikubali kuketi na polisi wiki baada ya wiki. Na yule aliyeweza hilo ndiye yuleyule wa kitufe cha manjano: mtu anayetaka sheria iandikwe vizuri, na ambaye hakurupuki kujitenga na watu atakaowahitaji kesho. Ukiuita uoga, ueleze 2003.

Kinachobaki kumsumbua mtetezi kama mimi ni mswada mmoja mdogo. Uliwaruhusu waliodhulumiwa kingono kumwomba jaji afunge kumbukumbu za kesi zao zisisomwe na umma. Seneti nzima iliukubali isipokuwa Obama, aliyepiga nipo kwa hoja ya katiba kuhusu uwazi wa mahakama. Hapakuwa na mpango wa chama, hapakuwa na mwenzake wa kumsitiri, na kura yake haikuweza kuua chochote. Kama hoja yake ilikuwa nzito kiasi hicho, kitufe chekundu kilikuwa palepale. Clinton na Edwards wangeanzia kura hiyo moja, wakaziacha 129 nyingine, Obama angekuwa na kazi ya kujibu.