Diodi 512: bodi ya BM792 isihukumiwe kwa umri wake

Anayefufua kompyuta ya PDP-11 ya miaka ya mwanzo, iliyotengenezwa na Digital Equipment Corporation ya Marekani kuanzia 1970, huenda akakuta ndani yake bodi ya diodi ya BM792, yaani ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) yenye programu fupi ya kuiwasha mashine, na swali la kwanza huwa kama aiache au aweke M9312, bodi ya kazi hiyo hiyo iliyokuja baadaye. Wengi huona kwamba jibu liko wazi, na ni kweli kwamba hoja za M9312 ni nzito.

Mashine isiyo na ROM ya kuwashia ilimlazimu mwendeshaji kuingiza maneno 14 kwa swichi za paneli ya mbele, biti 16 kwa kila neno, kabla haijaweza kusoma tepu ya karatasi. Kumbukumbu ya viini vya sumaku ilipunguza adha hiyo, kwa kuwa haikusahau umeme ulipozimwa. Kumbukumbu ya MOS, ya chipu zinazosahau umeme unapozimwa, iliondoa faraja hiyo, na ROM ikawa ya lazima. M9301, na kisha M9312, zilileta chipu za PROM (ROM zinazoandikwa mara moja) zenye nafasi ya kutosha kukagua kichakataji na kumbukumbu, na kumwezesha mwendeshaji kutoa amri kwenye terminali. M9312 ina soketi tano: moja ni ya konsoli na uchunguzi, nne ni za programu za diski na tepu. Kwa PDP-11/34 yenye MOS na konsoli isiyo na swichi, sioni sababu ya kubishana.

Hata hivyo, BM792 hupimwa kwa kile isichokuwa nacho. Ina maneno 32 ya biti 16, yaani nafasi 512, na kila nafasi ama ina diodi ama haina. Programu nzima iko mbele ya macho: mwenye orodha ya maagizo na kioo cha kukuzia anaweza kuisoma mstari kwa mstari, akapima diodi iliyokufa kwa mita, na kuibadilisha kwa kipuri cha bei ndogo. PROM huhifadhi maagizo yake kwa nyuzi nyembamba zilizounguzwa ndani ya chipu. Chipu hiyo ikiharibika bila nakala, hakuna jicho litakaloyasoma, na kuandika nyingine kunahitaji chipu tupu ya aina ambayo haitengenezwi tena pamoja na kifaa cha kuiunguza.

Ufinyu huo wa maneno 32 pia ulizaa ubunifu ambao hautajwi inavyostahili. Katika toleo la BM792-YB, programu moja iliweza kuwasha mashine kutoka diski za aina mbalimbali au tepu ya sumaku ya DECtape, kwa sababu mwendeshaji alitaja kifaa kwa kuweka anwani ya rejista yake (sehemu ndogo ya kuhifadhi namba) kwenye swichi, kwa mfano 177406 kwa kidhibiti cha diski cha RK11. Swichi zilizokuwa mzigo zikageuka kuwa sehemu ya programu, na kwa hiyo anayeing'oa bodi hiyo huondoa pia maelezo ya jinsi paneli ya mbele ilivyotumika.

Kwa PDP-11/20 yenye viini vya sumaku, basi, ningeiacha BM792 mahali pake na kuitengeneza. Kwa mashine zenye M9312, kazi ya haraka ni kunakili yaliyomo kwenye kila PROM wakati bado inasomeka.