Nani atafundisha amali kando ya ziwa?

Asubuhi moja mwaloni Kirumba, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga hapa Mwanza, nilimkuta kijana amechutama juu ya gunia, injini ya mtumbwi imefunguliwa mbele yake. Kabureta kailaza kwenye sahani ya chai. Anapuliza tundu kwa mdomo, anachungulia juani. Fundi wake hakusema neno. Alimpokonya, akapuliza mwenyewe, akamrudishia. Somo likaishia hapo.

Namkumbuka kila nikisikia mjadala wa mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono sekondari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na sekondari ina njia mbili: ya jumla na ya amali. Wanaoitetea wana hoja nzito. Vijana wengi wa kidato cha nne huku kwetu huishia mwaloni tu, basi bora wafike wanajua kuchomelea, kutengeneza injini au kufuga sato kwenye vizimba.

Wenye mashaka nao hawabwabwaji. Miaka ya 1970 sekondari zetu ziliwahi kuwa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, ikafifia. Na mama anayeanika dagaa atakuuliza: nimemsomesha ili arudi huku huku? Halafu kuna hesabu ya 2027. Walioingia darasa la tatu 2024 kwa mtaala mpya watamaliza la sita mwaka huo, sambamba na waliowatangulia, wa mtaala wa zamani, watakaomaliza la saba. Januari 2028 madarasa mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Hofu yangu ni kwamba fedha itakimbilia vyumba na madawati, karakana isubiri.

Lakini hata karakana ikijengwa, nani atasimama ndani yake? Mwalimu mwenye shahada huenda hajawahi kufungua injini iliyolowa maji ya ziwa. Fundi wa mwaloni kaifungua mara mia, ila hana cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mimi ningeanzia hapo: apimwe, apewe cheti, aitwe shuleni siku mbili kwa wiki, alipwe.

Sisemi ni rahisi. Fundi hafuati mtaala, na wapo wanaoficha ujuzi wasije wakazalisha washindani. Tena sekondari hufundisha kwa Kiingereza, wakati huyu plagi na kabureta anazieleza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma. (Sijui kwa nini hilo tunalihesabu kasoro yake.) Bado naona ni nafuu kumfundisha fundi namna ya kuandaa somo kuliko kumsubiri mwalimu azoee grisi.

Yule fundi wa Kirumba nilimuuliza kama angekubali kufundisha shuleni. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akatazama ziwani.

"Saa ngapi? Maana asubuhi ndiyo mitumbwi inaingia."